Matuta ya Barabarani na Uungwana wa Wenye Magari



Mazungumzo yetu ya leo yahusu kitu kidogo ambacho kila mtu wa pwani hii amekikanyaga kwa mguu wake, au amerushwa nacho akiwa ndani ya gari hata kichwa kikagonga dari. Kitu hicho ni tuta la barabarani. Yamkini wako watakaosema, Je, tuta nalo lina habari gani hata lizungumzwe katika redio? Sisi twaona lina habari nyingi. Tuta limewekwa kuulinda uhai wa watu. Tena, hapana mahali ambapo tabia ya mtu hudhihirika upesi kama pale gari lake linapolifikia tuta, na watoto wamesimama kando wakingoja kuvuka.

Sote twaijua njia itokayo Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, safari ya kilomita zipatazo 70. Ukiisha kupita Mwenge na Tegeta wafika Boko na Bunju, kisha Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo, hata uone minazi ya Bagamoyo yenyewe. Kabla ya kuwako lami na petroli, mji wa Bagamoyo ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Tabora na Ujiji. Wapagazi walikuja mmoja nyuma ya mwenzake, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi, na mbele yao alikwenda kirangozi. Walipoukaribia mji walipiga ngoma na barghumu, watu wakajua ya kwamba msafara waja, wakajiweka tayari. Hatusemi kwamba zamani zile zilikuwa njema, maana wengi waliopita njia hiyo walipita shingo zao zikiwa katika minyororo. Lakini kwa habari ya mwendo peke yake, msafara ulikwenda kwa mwendo wa mguu wa mwanadamu, na mtoto aliyekuwa akicheza njiani aliweza kuondolewa kwa mkono.

Siku hizi mambo yamegeuka. Sehemu ya njia hiyo kutoka Mwenge hata Tegeta ilipanuliwa kwa msaada wa Wajapani, ikafunguliwa rasmi mwaka 2014, na leo magari hupita pale kwa safu. Huko mbele nyumba zimeongezeka pande zote mbili. Palipokuwa na mikorosho sasa pana maduka, mashine za kusaga na misikiti na makanisa. Aghalabu shule iko upande mmoja na bomba la maji upande wa pili, na kati yake imelala barabara. Tena, zile njia ndogo za mitaani ziingiazo ndani kutoka barabara kuu, ambazo zamani zilikuwa za baiskeli na mikokoteni, zimesawazishwa na nyingine zimetiwa lami. Watu walifurahi, na ilikuwa haki yao kufurahi. Mgonjwa hufikishwa hospitali upesi, na samaki hufika sokoni kabla hajaharibika. Ila lami ina jambo lake: humwambia dereva, Kimbia. Hapo ndipo lilipotakiwa tuta.

Neno hili tuta hatukuliazima mahali. Ni neno la mkulima. Kila mtu aliyelima viazi ajua kwamba hupandi kiazi kitamu katika ardhi tambarare. Wainua udongo, ukafanya matuta, ili maji ya mvua yasiende mbio na kuchukua rutuba. Watu wetu walipoona ule mwinuko wa lami barabarani waliuita kwa jina la shambani, nasi twadhani waliita vema, kwa kuwa kazi ni ileile: kukizuia kiendacho mbio kisichukue mali ya watu. Vile vimistari vingi vinavyoinuka kidogo, ambavyo hutangulia mbele ya tuta na kulitikisa gari, wameviita rasta, na jina hilo limeshika hata maofisini.

Sasa twawaomba vijana wachukue kalamu na karatasi, na wakipenda, kesho wachukue kamba na kupima uwanjani. Gari liendalo kilomita 30 kwa saa hupita mita 8 na kitu kwa sekunde moja. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14. Dereva naye ni mwanadamu. Mtoto akichomoka nyuma ya kibanda cha madafu, yampasa dereva kwanza amwone, kisha afahamu, kisha mguu wake uache mafuta na kukandamiza breki. Mambo hayo humchukua kama sekunde moja, ikiwa macho yake yako njiani wala hayako katika simu. Basi yule wa kilomita 30 atakuwa amekwenda mita 8 kabla ya breki kushika, na juu ya lami kavu atahitaji mita 5 nyingine hivi. Jumla ni mita 13 na kidogo, naye amesimama kabisa. Na yule wa kilomita 50? Katika mita zizo hizo 13, mguu wake haujafika bado kwenye breki. Atampiga mtoto kwa mwendo wake wote.

Tena nguvu ya mshindo haiongezeki kwa kadiri ya mwendo tu, bali kwa kadiri ya mwendo uliozidishwa kwa mwendo. Zidisheni 30 kwa 30, mtapata 900. Zidisheni 50 kwa 50, mtapata 2,500. Hivyo gari lilelile, la uzito uleule, kwa kutoka 30 kufika 50, limebeba nguvu inayokaribia mara tatu. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba mwendo wa magari ukiongezeka kwa sehemu moja katika mia, hatari ya ajali za kuua huongezeka kwa sehemu nne katika mia. Kwa sababu hiyo mawaziri na wajumbe wa mataifa, walipokutana Stockholm katika nchi ya Sweden mwezi wa Februari mwaka 2020, walishauri kwamba mahali ambapo watu waendao kwa miguu na magari huchanganyika, mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka mpaka wa kilomita 50 katika mahali penye makazi, na wako madereva wanaoudhani kuwa ni amri ya kufikia 50, hata katika kichochoro chenye kuku.

Mwenye haraka husema, Nimechelewa. Na tumpigie hesabu yake. Tuseme kati ya tuta na tuta pana mita 100. Akienda kwa kilomita 30 atazipita kwa sekunde 12. Akienda kwa kilomita 50 atazipita kwa sekunde 7 na kidogo. Amefaidi sekunde 5, tena tumemhurumia, maana hatukuhesabu muda anaoupoteza kwa kupiga breki na kuondoka tena. Mtaa ukiwa na nafasi 10 za namna hiyo, ambayo ni kilomita nzima, amefaidi sekunde 48. Haitoshi hata kunywa kikombe cha kahawa kwa muuza kahawa. Na kwa faida hiyo amekula mafuta yake, amekula breki zake, na springi na shokapu zimelia njia nzima.

Mambo haya hayakuanza kwetu. Huko Marekani alikuwako mtaalamu mkuu wa fizikia, jina lake Arthur Holly Compton, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1927. Baadaye aliwekwa kuwa mkuu wa chuo kikuu katika mji wa St. Louis. Aliona magari yakipita kwa fujo mbele ya majengo ya chuo, na mwaka 1953, yeye aliyezoea kupima miali isiyoonekana kwa macho, aliketi akatengeneza umbo la tuta la kupunguza mwendo. Mwaka 1973 wataalamu wa barabara wa Uingereza walitoa kipimo kilichosifiwa sana: tuta la mviringo lenye upana wa mita 3.7 kwa kufuata njia, na kimo cha sentimita 10. Yaangalieni vema maneno hayo, ninyi mjengao matuta ya usiku. Sentimita 10 ni kiasi cha upana wa kiganja cha mtu mzima, si kimo cha goti. Na mita 3.7 ni karibu urefu wa motokaa ndogo. Tuta la namna hiyo humlipa mtu kwa mwendo wake. Anayekwenda pole hulipanda na kulishuka kama wimbi la bahari tulivu, na anayekimbia hurushwa.

Nako Ghana, mahali paitwapo Suhum, katika barabara kuu ya kutoka Accra kwenda Kumasi, ziliwekwa rasta kwa sababu watu walikuwa wakifa sana. Ajali zilipungua kwa sehemu 35 katika mia hivi, na vifo vikapungua kwa zaidi ya nusu.  Vile vimistari vyenyewe ndivyo vilivyofanya kazi.

Hata hivyo tuta halina mikono. Haliwezi kumshika mtu asiyetaka kushikika, na hapa ndipo tunapofika kwenye manung'uniko yetu.

Yuko kwanza mwenye pikipiki. Wajenzi huacha upenyo kila upande wa tuta ili maji ya mvua yapite, maana wasipouacha, tuta litakuwa bwawa. Upenyo huo ni mdogo, gari haliwezi kupita, lakini pikipiki yaweza. Basi dereva wa bodaboda akilifikia tuta hapunguzi mwendo, bali huinamisha pikipiki yake, akauchukua ule upenyo, na mara nyingi huingia katika kijia cha udongo kilicho kando, ambacho ndicho kijia cha waendao kwa miguu. Fikirini jambo hilo. Tuta limewekwa ili mtu wa miguu apate salama, na kwa sababu ya tuta hilohilo pikipiki imeingia mahali palipokuwa pake. Mwenye bajaji hana njia hiyo. Magurudumu yake ni matatu, na hata akwepe namna gani, moja litalipanda tuta. Kwa hiyo watu wa bajaji wamekuwa na adabu kuliko wenzao, ingawa hatujui kama adabu ya kulazimishwa na gurudumu yahesabiwa.

Wa pili ni yule mwenye gari kubwa na refu, lenye kukaa juu, ambaye haoni tuta kuwa kitu. Mbele yake iko motokaa ndogo imepunguza mwendo ilivyopasa. Yeye hupiga honi. Honi isipojibiwa, hutoka upande wa pili wa njia, akampita mwenzake palepale juu ya tuta. Jambo hili twalihesabu kuwa baya kuliko yote, nasi twataka kulieleza kwa nini. Gari likipunguza mwendo penye tuta, mtoto aliye kando hulitazama, akaona limempa nafasi, akaanza kuvuka. Macho yake yako kwa gari lile lililomheshimu. Anapolipita bumunta lake, ndipo lile la nyuma linapotokea, na baina ya mtoto na dereva huyo ilikuwako motokaa nzima, hawakuonana. Kwa hiyo uungwana wa dereva wa kwanza umegeuzwa na yule wa pili kuwa mtego. Tumewasikia madereva wapole wakisema kwamba siku hizi huogopa kumpa mtoto njia, wasije wakamwita kwenye hatari. Mahali mtu anapoogopa kutenda mema kwa sababu ya jirani yake, pameharibika.

Kisha wako wale wanaokimbia kati ya tuta na tuta, na kupiga breki walifikiapo. Hao hawakuvunja tuta, wala hawakulikwepa, nao hujiona kuwa watii. Lakini waulizeni wenye nyumba. Malori ya mchanga na kokoto hupita usiku, na lori tupu likilirukia tuta, bodi lake la chuma hupiga kishindo kama mlango wa ngome uliobamizwa. Mtoto mchanga huamka, mzee mwenye shinikizo la damu huamka, na akiisha kupata usingizi tena, laja la pili. Katika njia za vumbi ni taabu juu ya taabu: lile gari likiondoka kwa nguvu baada ya tuta hutupa vumbi lote katika sufuria ya mama auzaye maandazi.

Nao abiria hawakosi sehemu yao. Sote tumepanda daladala. Konda huning'inia mlangoni, akamwambia dereva, "Suka, tupite pembeni, wale wametutangulia!" Dereva huacha lami, akaingia mchangani kulikwepa foleni lililoko kwenye tuta, na watu waliomo ndani hunyamaza, kwa kuwa nao wanataka kufika. Siku moja, karibu na Bunju, tulimsikia mama mmoja mtu mzima akisema kutoka kiti cha nyuma, bila hasira, "Mwanangu dereva, turudishe barabarani. Hapa ulipopita ndipo wajukuu zangu wanapopita." Dereva alijibu, "Shikamoo, mama. Nimesikia," akarudi. Konda alinung'unika kidogo. Sauti ya mtu mmoja tu ilitosha, na abiria walikuwa zaidi ya 20.

Twataka sasa kuwasimulia habari ya kijiji kimoja cha njia hii, ambacho hatutakitaja jina, kwa kuwa wenyewe hawakututuma. Mbele ya shule palikuwa na tuta jema, lenye rangi nyeupe. Bodaboda zikaujua upenyo wa kando, zikautumia kila siku, na asubuhi moja pikipiki ikamgonga mtoto wa darasa la tatu aliyekuwa katika kijia, akavunjika mguu. Alikaa nyumbani muda wa miezi mitatu, na dada yake akawa anamchukulia madaftari. Wanakijiji walikasirika. Siku ileile vijana walileta mawe na udongo wakauziba upenyo, pande zote mbili, hata ukuta wa shule. Pikipiki zikakoma. Watu wakasema, Tumewapata.

Mvua za masika zikaja. Maji yalishuka kutoka juu kama desturi yake, yakalifikia tuta, yakakosa njia. Yakasimama. Usiku wa pili yaliingia katika nyumba nne za jirani, yakaharibu unga na magodoro, na lami yenyewe ikaanza kumeguka chini ya maji. Basi ugomvi ukaanza kati ya wazazi wa shule na wenye nyumba, na kila upande ulikuwa na haki yake. Wengine walisema tuta livunjwe lote. Aliyeupatanisha ugomvi huo alikuwa fundi mwashi mzee, ambaye hakusema mengi. Alisema, "Maji ni membamba, pikipiki ni pana." Wakaondoa mawe na udongo, na katika upenyo wakasimika nguzo fupi za zege, zenye kupita kiuno kidogo, na kati ya nguzo na nguzo wakaacha nafasi ya kupita mguu wa mtu na maji, lakini si usukani wa pikipiki. Walimwita mhandisi wa barabara aje aone. Akaziona, akaagiza zitiwe rangi nyeupe na kipande cha kung'aa ili zisimgonge mtu usiku. Kazi ile iligharimu mifuko michache ya saruji na chuma chakavu. Mtoto yule sasa hupita pale kwa miguu yake miwili.

Wengine watasema, Habari ya kijiji kimoja si ushahidi. Ni kweli, nasi twafundisha hivyo darasani. Kwa hiyo tazameni Dar es Salaam, ambako shirika moja liitwalo Amend lilizichagua shule ambazo watoto wake walikuwa wakiumizwa sana na magari, likaweka matuta, vijia vya miguu, alama za pundamilia na vibao, tena likawafundisha watoto namna ya kuvuka. Wataalamu walizilinganisha shule hizo na nyingine zilizofanana nazo ambazo hazikufanyiwa kitu, wakaona kwamba majeraha ya watoto yalipungua kwa sehemu 26 katika mia. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipewa tuzo kubwa ya miji inayotolewa na taasisi moja ya Marekani, ikaishinda miradi ya miji mingi ya dunia. Wengi wetu hatukupata habari. Tulikuwa tukilaumu matuta.

Wala jambo lenyewe si dogo. Katika taarifa yake ya mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu wapatao milioni 1.19 wanaokufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, zaidi ya nusu yao wakiwa watu wa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hata 29, ajali ndiyo iliyowaua wengi kuliko ugonjwa wowote. Na bara letu la Afrika, lenye magari machache, lina vifo vingi kuliko mabara mengine kwa kulinganisha na hesabu ya watu wake.

Yatupasa pia kusema kweli juu ya matuta mabaya, ili tusiwaonee madereva. Liko tuta ambalo halina kibao wala rangi, lenye weusi uleule wa lami, na mgeni apitaye usiku hulikuta likiisha kumrusha. Liko tuta lenye kimo cha kupasua tumbo la gari, fupi na kali kama mgongo wa papa. Liko gogo la mnazi lililozikwa nusu na wenye mtaa, au kamba nene ya meli, au kifusi kilichomwagwa kwa hasira baada ya ajali. Twaielewa hasira hiyo. Lakini mama mjamzito aliye ndani ya gari hana kosa, wala mgonjwa anayepelekwa hospitali ya wilaya usiku, na kwao kila tuta baya ni mateso. Dereva anayetanga kulia na kushoto kutafuta mahali palipochakaa huenda hana kiburi. Huenda anaokoa sampu ya mafuta yake. Tuta likitengenezwa kwa kipimo, mwenye kulikwepa hana tena neno la kujitetea.

Tena wachuuzi wamegundua ya kwamba penye tuta gari hupunguza mwendo, na hapo pamekuwa soko. Mananasi ya Kiwangwa, korosho, madafu, maji baridi, vyote huuzwa dirishani. Hatuwezi kuwalaumu watafutao riziki, ila twawaomba wasikae palepale kwenye kivuko, kwa kuwa meza ya mananasi humficha mtoto wa miaka saba kabisa, hata uteo wa kichwa chake usionekane.

Ndugu wasikilizaji, katika desturi zetu mtu hapiti uani kwa mwenzake bila kupiga hodi. Hata mwenye haraka, hata mwenye deni la kudai, husimama kidogo, akaita, akangoja. Njia ya mtaani imekuwa ua wa watu wengi. Huko ndiko wanawake wanakoanika mpunga, na wazee wanakocheza bao, na watoto wanakojifunza baiskeli. Tuta ni mahali gari linapopigia hodi. Mtu anayelikwepa kwa kupita kijiani, au kumpita mwenzake juu yake, ameingia uani kwa watu kwa kuruka ua.

Kabla muda wetu haujaisha, twapenda kuwajibu wale waliouliza jinsi ya kupata tuta mahali pao. Msilijenge wenyewe. Liletwe jambo katika mkutano wa kijiji au wa mtaa, liandikwe katika muhtasari, kisha mwenyekiti na mtendaji waandike barua. Ikiwa ni barabara kuu au ya mkoa, barua iende kwa Wakala wa Barabara, TANROADS, ulioanzishwa mwaka 2000. Ikiwa ni njia ya mtaani au ya kijijini, iende kwa TARURA, ulioanza kazi mwaka 2017, kupitia ofisi yake ya wilaya. Katika barua tajeni mahali penyewe kwa alama zisizohama, kama shule, msikiti au daraja. Tajeni saa ambazo watoto huvuka, na idadi yao. Vijana wa shule wanaweza kusimama kando asubuhi tatu pamoja na mwalimu wao na kuwahesabu, kwa vijistari vitano vitano kama tunavyofundishwa. Tajeni ajali zilizotokea na tarehe zake. Wahandisi huziamini hesabu kuliko vilio. Ombeni rasta na kibao pamoja na tuta, na rangi ipakwe upya kila inapofifia, na kando ya tuta ombeni zile nguzo fupi. Wekeni nakala ya barua, na baada ya mwezi mmoja mtu atumwe kwenda kuuliza imefikia wapi.